TAZARA chini ya mwendeshaji mpya: treni za abiria ziandikwe vipi kwenye ratiba?

Geji1067

Wakuu, habari za leo.

Mkataba wa TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) na CCECC, kampuni ya ujenzi ya China, ulisainiwa Septemba 2025: miaka 30, yaani mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji, na uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Kila unapogusa mada hii watu wanaongelea mizigo ya shaba. Uzi huu ni wa abiria, maana wao ndio watakaobanwa kama ratiba haitaandikwa vizuri tangu mwanzo.

Kwa wasioijua njia hii: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, 975 zikiwa Tanzania na 885 Zambia. Geji (upana kati ya reli mbili) ni milimita 1,067 na njia ni moja tu, treni zinapishana stesheni. Ilikabidhiwa Julai 1976. Mwaka 1977/78 ilibeba karibu tani milioni 1.27, mwaka 2014/15 ilishuka hadi tani 88,000. Sasa lengo linalotajwa ni tani milioni 2.4 kwa mwaka.

Hebu tupige hesabu. Treni moja ikibeba tani 1,000 za mzigo halisi, hizo ni safari 2,400 zenye mzigo kwa mwaka, sita hadi saba kwa siku. Ongeza zinazorudi tupu au nusu, tuseme jumla ni treni 10 kwa siku, tano kila upande. Treni ya abiria inakaa njiani saa 46 hivi kwa ratiba. Treni za mizigo zinazokuja mbele yake nazo zinakaa njiani kama siku mbili. Kwa hiyo itakutana na zile zilizokwisha kuondoka kabla haijang'oa nanga, na zile zitakazoondoka ikiwa njiani: karibu 20 kwa safari moja.

Sasa, nani anaingia lupu (njia ya pembeni ya kupishana) kumsubiri mwenzake? Abiria akisubiri kila mara, kwa wastani wa dakika 25, anapoteza saa nane na dakika 20. Akipewa kipaumbele, anapoteza dakika tano au sita tu za kupunguza mwendo kila mpishano, jumla isiyozidi saa mbili. Tofauti ya saa sita inatoka kwenye sentensi moja ya mkataba. Ndiyo maana nasema kipaumbele cha kupishana kiandikwe, kisiachwe kwa mwongoza treni wa zamu.

---

Fundi Bogi

Mkuu Geji1067, hesabu imekaa sawa. Ila kuna tatizo la kimya ambalo hata kipaumbele hakiliponyi: idadi ya seti za mabehewa.

Ratiba iliyozoeleka ni treni mbili kwa wiki kila upande. Kilimanjaro inaondoka Dar Jumanne, Mukuba inaondoka Ijumaa. Kapiri vilevile Jumanne na Ijumaa. Fuatilia seti moja moja:

Seti A: Dar Jumanne, Kapiri Alhamisi, inageuka Ijumaa, Dar Jumapili. Inapumzika hadi Jumanne.

Seti B: Dar Ijumaa, Kapiri Jumapili, inageuka Jumanne, Dar Alhamisi alasiri. Inatakiwa kuondoka tena Ijumaa alasiri.

Mmeona? Seti mbili zinatosha kwenye karatasi. Lakini seti B ina saa 24 tu Dar, na seti A ina siku moja tu Kapiri. Ndani ya saa 24 hizo unatakiwa kuosha, kujaza maji, kupima magurudumu, kubadilisha breki zilizoisha, kuangalia springi za bogi (fremu ya magurudumu) na kurekebisha vyoo. Treni ikichelewa saa 18, huna muda wa karakana. Unachagua kati ya mawili: iondoke bila ukaguzi kamili au ichelewe kuondoka. Ukiichelewesha, inafika Kapiri imechelewa na inarudi imechelewa. Watu wanalaumu dereva Jumapili kwa kosa la Alhamisi iliyopita.

Dawa ni seti ya tatu, ikae Dar. Na isiwe mabehewa machache ya kuokoteza. Iwe seti nzima yenye madaraja yote, behewa la chakula na la mizigo. Mwendeshaji akisema "tutaongeza safari ziwe tatu kwa wiki" kwa seti hizohizo mbili, msifurahi. Hapo amekula muda wa matengenezo.

---

Mataruma

Naunga mkono. Niongeze upande wa njia, kwa sababu miaka mitatu ya ukarabati ndiyo itakayoumiza.

Mwendo wa treni ya abiria hauamuliwi na mwendo wa juu ulioandikwa kwenye kichwa cha treni. Unaamuliwa na sehemu zenye amri ya kupunguza mwendo. Tuseme kuna kilomita mbili zenye mataruma (mihimili inayobeba reli) mabovu au kokoto zilizochafuka kwa matope, na amri ni kilomita 20 kwa saa badala ya 60. Behewa la mwisho nalo lazima livuke kabla ya dereva kuongeza mwendo, kwa hiyo treni ya mita 400 inakwenda pole kilomita 2.4. Hiyo ni dakika 7.2 badala ya 2.4. Ongeza kama dakika mbili za kupunguza na kuchukua mwendo upya. Umepoteza karibu dakika saba kwa kipande kimoja kifupi. Vikiwa kumi, ni saa nzima na dakika zake.

Kosa linalofanyika kwenye ukarabati ni kutawanya vikosi kila mahali ili kazi ionekane inakwenda. Unapata vipande vifupi 30 vya mwendo mdogo. Afadhali ukamilishe kilomita 40 mfululizo: kung'oa mataruma, kuchekecha kokoto, kulaza, kushindilia kwa mashine, kupitisha treni za mzigo ili njia itulie, kushindilia tena, ndipo uondoe amri. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kazi inakwisha lakini kibao cha mwendo mdogo kinabaki kwa sababu hakuna aliyerudi kupima na kusaini. Mkataba uweke siku za mwisho za kuondoa kila amri baada ya kushindilia.

Mataruma ya zege yanatengenezwa Kongolo, Mbeya, na kokoto zinatoka hukohuko. Maana yake malighafi inasafiri kwa reli hiyohiyo. Treni za kokoto zitaongeza mipishano juu ya zile 20 za Geji1067. Zipangwe usiku, na zisiwe njiani saa ambazo treni ya abiria inapita.

Na kipande cha Mlimba–Makambako kisifunguliwe kwa kazi kubwa msimu wa mvua. Kutoka bonde la Kilombero, chini ya mita 400, hadi Makambako juu ya mita 1,600, ni kupanda na kona, madaraja na mahandaki mfululizo. Adui wa pale ni maji. Mtaro wa juu ya mkato (mlima uliochongwa kupitisha reli) ukiziba, maji yanapita nyuma ya ukuta na udongo unashuka njiani. Kikosi kinachofungua tuta Desemba hadi Mei kinajitafutia maporomoko.

---

Uyole1789

Wakuu samahani, nitasema lisilopendeza. Basi la Dar–Mbeya linafika siku hiyohiyo. Treni ya haraka kwa ratiba inachukua zaidi ya saa 20 kwa takriban kilomita 850, wastani kama kilomita 40 kwa saa. Kwa nini tumlazimishe mwendeshaji abebe hasara? Aachiwe mizigo, abiria wapande basi.

---

Mchele wa Mngeta

Ndugu yangu Uyole1789, wewe unahesabu Dar na Mbeya. Hesabu katikati.

Toka Kidatu uje Mang'ula, Ifakara, Mngeta, Mlimba, halafu upande hadi Makambako. Ukishapita Ifakara, barabara ya vumbi masika inageuka tope, na milimani kuna stesheni ambazo hazijawahi kuona basi. Pale mtu wa stesheni akikosa treni, anakaa. Ndiyo maana kulikuwa na treni ya Udzungwa ya kuhudumia bonde hadi Makambako, mbali na zile mbili za kwenda Zambia. Hiyo ndiyo ninayoiogopea zaidi, kwa sababu haivuki mpaka, watalii hawaijui na haina behewa la kulala la kupigia picha.

Ninachoomba kiandikwe ni muda wa kusimama. Mpango wa ratiba unaotengenezwa ofisini unaweka dakika mbili kila stesheni ndogo. Hazitoshi bondeni. Watu wanapanda na mzigo: mchele, ndizi mbichi, kuku kwenye matenga. Chukua magunia 60 kwenye stesheni moja siku ya mavuno. Milango miwili ya behewa la mizigo, kila mlango vijana wawili chini na wawili ndani, sekunde 15 kwa gunia. Magunia 30 kila mlango ni dakika saba na nusu, hapo hujapima wala kuandika stakabadhi. Ukiweka dakika mbili, ama treni inachelewa kila stesheni na ratiba nzima inakuwa uongo, ama mzigo unapenyezwa madirishani na kwenye korido za daraja la tatu, mtu hapiti hata kwenda chooni.

Kwa hiyo: dakika 10 kwa stesheni kubwa za bonde, tatu kwa ndogo, na mzigo upimwe na kukatiwa stakabadhi kabla treni haijafika. Mizani moja na karani mmoja kila stesheni kubwa. Behewa la mizigo likae upande ule ule kila safari, watu wajue wapange magunia wapi. Treni ikigeuzwa mpangilio, watu wanakimbia na magunia urefu wa treni nzima gizani. Hapo ndipo watu wanapoumia.

---

Geji1067

Uyole1789, swali lako ni la haki na lazima lijibiwe kwa fedha, siyo kwa huruma.

Tumeshaona mikataba miwili mikubwa ya reli ukanda huu. TRL (Kampuni ya Reli Tanzania) na RITES ya India: miaka 25 kuanzia 2007, RITES asilimia 51 na serikali 49, na mwaka 2011 hisa zikarudi serikalini. Rift Valley Railways ya Kenya na Uganda: ilianza Novemba 2006, mizigo miaka 25 lakini abiria upande wa Kenya miaka mitano tu, na mwaka 2017 ikavunjwa. Angalia muundo wa ule wa RVR: abiria waliwekwa pembeni tangu siku ya kwanza kama kitu cha muda. Mwendeshaji hawezi kuagiza mabehewa ya abiria yatakayodumu miaka 30 kwa kibali cha miaka mitano.

Kwa hiyo ruzuku iwe wazi. Safari mbili za kwenda na kurudi kwa wiki ni kilomita 3,720 mara mbili, yaani 7,440 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni kilomita-treni (kilomita moja iliyotembewa na treni moja) 386,880 kwa mwaka. Serikali mbili zikubaliane bei kwa kila kilomita-treni, zigawane kwa kilomita zilizo ndani ya kila nchi, na zilipe kwa kilomita iliyotembea kweli. Treni ikifutwa, hailipwi. Ikichelewa, inakatwa.

Na ucheleweshaji usipimwe Dar na Kapiri peke yake. Ukipima mwisho tu, mpangaji anajaza dakika za ziada kwenye kipande cha mwisho. Treni inafika Mbeya imechelewa saa tano, inafika Kapiri "imechelewa" saa moja na nusu, ripoti inapendeza. Pima Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma, Kasama, Mpika na Serenje.

---

Uyole1789

Hapo nimekuelewa mkuu. Bei kwa kilomita-treni nakubali. Lakini basi iwe tofauti kwa treni ya bondeni na ya kimataifa. Ya bondeni inasimama kila mahali, inakula mafuta na breki kwa kuondoka-simama, na nauli yake ni ndogo. Ukilipa bei moja, mwendeshaji ataipenda ya kimataifa na ile ya Mchele wa Mngeta itakufa kwa "kukosa kichwa".

---

Mchele wa Mngeta

Sawasawa kabisa. Hilo neno la kukosa kichwa ndilo lenyewe.

---

Fundi Bogi

Vichwa sasa, maana mmeingia kwangu.

Vichwa vya kwanza vya njia hii vilikuwa vya dizeli-haidroliki kutoka China, na mlima wa Mlimba–Makambako ulivishinda. Mwaka 1983 vikaja U30C vya General Electric, dizeli-umeme, vikabeba kazi. Fundisho: pima kichwa kwa kipande hicho, na mabehewa kamili, reli ikiwa imelowa. Kichwa kinachokimbia vizuri Dar–Kidatu hakijathibitisha lolote. Kupanda kwa mwendo mdogo muda mrefu kunachemsha mota za magurudumu. Dereva akivuka muda unaoruhusiwa kwa mkondo ule wa umeme, anaunguza mota, na treni inasimama katikati ya mahandaki ambako hata kuifikia kwa gari ni shughuli. Matangi ya mchanga yakaguliwe Mlimba kila safari, na mchanga uwe mkavu. Ukilowa hautoki kwenye bomba, magurudumu yanateleza.

Desturi mbaya ni kumvua abiria kichwa kumpa mzigo unaolipa. Mkataba utaje vichwa vya abiria kwa namba zake ubavuni, na cha akiba kikae Mlimba au Makambako, siyo Dar. Kichwa kikifa mlimani, cha akiba kutoka Dar ni karibu siku nzima.

Mabehewa yenyewe: nishati na maji. Behewa lenye dainamo ya ekseli linachaji betri treni ikikimbia. Ikitembea kilomita 20 kwa saa kwenye vipande vya ukarabati, na kusimama lupu usiku kucha, betri zinaisha, taa na feni zinazimika, na betri za asidi zinazomalizwa kabisa mara kwa mara hazidumu. Kwa miaka hii mitatu ya mwendo mdogo, treni iwe na behewa la jenereta. Maji: behewa la vyumba 10 vya watu sita lina watu 60. Lita 10 kwa mtu kwa siku ni lita 600, siku mbili 1,200. Kama tangi ni dogo kuliko hapo, lazima kujaza njiani: Mlimba, Mbeya, Kasama, Mpika. Kujaza treni nzima kwa bomba moja la inchi moja ni zaidi ya saa. Weka vichwa vya mabomba kila urefu wa behewa moja na dakika 20 zinatosha.

---

Karani wa Tiketi

Nichangie la tiketi, maana mfumo mpya wa mtandaoni utaletwa na makosa yanajulikana mapema.

Vyumba vya kulala vya TAZARA ni vya watu wanne daraja la kwanza na sita daraja la pili, na wanaume na wanawake hawachanganywi isipokuwa chumba kizima kikinunuliwa pamoja. Mfumo unaouza kitanda kimoja kimoja bila kuuliza jinsia utavuruga siku ya kwanza. Chumba kipewe jinsia na mnunuzi wa kwanza, na kibadilike kikiwa tupu.

Pili, mgawo wa stesheni. Vitanda vyote vikiuzwa Dar, Ifakara na Mlimba hawapati kitu, ingawa nusu ya vyumba vinashuka watu Makambako na Mbeya. Tenga mgawo kwa kila stesheni kubwa, usiochukuliwa huachiwa saa 48 kabla ya kuondoka. Na kitanda kiuzwe kwa vipande: Dar–Mbeya kwa mmoja, Mbeya–Kapiri kwa mwingine.

Tatu, saa. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja. Tiketi ionyeshe saa ya nchi ya stesheni husika na iandike hivyo. Abiria wa Nakonde, mpakani upande wa Zambia, ambaye saa yake ya mkononi ni ya Tunduma anafika mapema, hana shida. Wa Tunduma ambaye saa yake ya mkononi ni ya Zambia anaachwa.

---

Mataruma

Karani umegusa mpaka. Ukaguzi wa pasipoti uendelee kufanyika ndani ya treni, maofisa wapande kituo kimoja kabla na washuke kimoja baada. Kuwashusha watu wote usiku na mizigo kunaongeza saa, na ukichelewa pale unapoteza nafasi yako ya mpishano upande wa pili. Kwenye njia moja, dakika 40 mpakani zinazaa saa mbili mbele.

Na mwisho wa safari nao: New Kapiri Mposhi siyo mji ambao abiria wengi wanakwenda. Wanaenda Lusaka au Copperbelt (ukanda wa migodi ya shaba), na wanashuka kutafuta basi. Reli ya Zambia Railways ina geji hiyohiyo ya 1,067, ipo jirani palepale Kapiri. Mabehewa hayahitaji kubadilishwa kitu ili yafike Lusaka. Kinachohitajika ni ada ya kupita, madereva wanaoijua njia ile, na ukaguzi wa breki kabla ya kuvuka. Hili ni jambo la kuomba sasa, ukarabati ukiendelea, maana baadaye nafasi za njia zitakuwa zimeshagawiwa mizigo.

---

Uyole1789

Swali la mwisho kwa Fundi Bogi na Mchele wa Mngeta. Njia ikifungwa kwa kazi, tuseme kwa muda wa saa 12 za mchana kipande cha Mlimba–Makambako, abiria wa bondeni wanafanyaje?

---

Mchele wa Mngeta

Mabasi mbadala hayawezekani kipande kile, kwa hiyo usiandike "mabasi yatatolewa". Kazi ipewe mchana siku zisizo na treni kwenye kipande hicho, kama Jumatatu na siku nyingine inayobaki wazi baada ya kuhesabu zilizo njiani na zinazorudi. Siku za treni, kikosi kifunge kazi na kukabidhi njia saa mbili kabla. Tangazo libandikwe stesheni siku 14 kabla, kwa karatasi, ukutani. Milimani simu hazishiki kila mahali.

---

Fundi Bogi

Na treni ya Udzungwa igawanywe mara mbili siku hizo: seti fupi ya mabehewa manne Kidatu–Mlimba, nyingine Makambako hadi stesheni ya mwisho kabla ya kazi. Kila upande unahitaji kichwa chake na lupu ya kukizungushia kwenda mbele. Kwa hiyo kabla ya kupanga, mtu aende akapime lupu za stesheni hizo ndogo na kuangalia kama swichi zake bado zinageuka. Zilizokaa miaka bila kutumika huwa zimeganda kwa kutu, na kuzifungua ni kazi ya siku mbili kwa gengi moja, grisi na bolti mpya.